Mwamba ngoma huvutia kwake: nimwamini nani kuhusu kitabu hiki cha Beatles?

Swali

"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kusoma Shout!, kitabu cha Philip Norman kuhusu Beatles, bendi ya roki ya Uingereza, kile kilichotoka 1981. Nilikimaliza kwa usiku nne, na ukurasa wa mwisho ulinitoa machozi. Nikatamani kuongea na mtu aliyekisoma, nikaanza kutafuta maoni ya wasomaji wengine, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mmoja anasema hakijawahi kuandikwa kitabu bora cha bendi ya roki. Wa pili anasema mwandishi anamchukia Paul McCartney na chuki hiyo inanuka kila sura. Wa tatu anasema kimepitwa na wakati na kimejaa makosa. Wa nne anasema ni umbeya mtupu, muziki wenyewe haumo. Rafiki yangu, shabiki wa Paul wa kufa na kupona, ameniambia nimelishwa uongo, na tangu siku hiyo hatuongei vizuri. Najiona mjinga kwa kukipenda. Baada ya wiki mbili nimepangiwa kuongoza mjadala wa kitabu hiki katika kikundi chetu cha usomaji. Nimwamini nani? Nikiache ninunue kile kikubwa cha Mark Lewisohn? Na jambo la mwisho: sura ya kifo cha Brian Epstein, meneja wao, imeninyima usingizi, maana mdogo wangu alifariki kwa vidonge miaka miwili iliyopita, na mpaka leo hatujui kama ilikuwa ajali."

Jibu

Marahaba, na pole sana kwa kumpoteza mdogo wako. Umeliweka hilo mwishoni, kama watu wanavyofanya na jambo lililo zito kuliko mengine yote. Nimeliona na nitalifikia.

Nianze na kitabu. Nimefanya kazi ya kuhariri vitabu vya wasifu kwa miaka mingi, vingi vyao vya wanamuziki, na swali kama lako nimeulizwa na waandishi wenyewe, wakiwa wameshika maoni ya wasomaji mkononi na sura zimewashuka. Ninavyolielewa, huulizi tu kama kitabu ni kizuri au kibaya. Unauliza inawezekanaje watu wanne wasome kurasa zile zile, kila mmoja atoke na kitabu chake, na kama machozi yako yalikuwa ya bure. Hayakuwa ya bure. Na hao wanne wote wamesema kitu cha kweli, ila kila mmoja amejibu swali alilokuja nalo yeye.

Wasikilize tena taratibu. Wa kwanza anasifia usimulizi. Norman ni mwandishi wa habari, anajua kukuingiza mtaani Liverpool na kukukalisha kwenye vilabu vya usiku vya Hamburg mpaka ukaona moshi. Wa pili anadai haki kwa mtu anayempenda. Wa tatu anapima ushahidi. Wa nne alikuja kutafuta nyimbo, akakuta mikataba, wazazi na mameneja. Ukichukua nyota walizotoa ukatafuta wastani, utapata namba isiyomhusu hata mmoja wao. Tena kumbuka ni akina nani hukaa chini kuandika maoni: aliyechomwa na aliyefurahishwa mno. Aliyekiona kitabu cha kawaida hukirudisha kwenye rafu akaenda kulala. Ndiyo maana unaona ncha mbili ukadhani katikati hakuna mtu.

Sasa rafiki yako. Malalamiko yake yana msingi, na ni vizuri umwambie hivyo. John Lennon, mwenzake Paul katika bendi, aliuawa New York tarehe 8 Desemba 1980. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata, dunia ikiwa bado matangani. Norman alipokuwa akikitangaza Marekani alisema kwenye televisheni kwamba Lennon alikuwa robo tatu ya Beatles. Ipige hesabu hiyo: McCartney, George Harrison na Ringo Starr wanabaki wagawane robo moja. Mtu akianza kuandika na mizani ya namna hiyo kichwani, hahitaji kusema uongo hata mara moja. Ataegemea tu, sentensi baada ya sentensi. Baadaye Norman mwenyewe alikiri kwamba hakumtendea McCartney haki, na mwaka 2016 akatoa wasifu mzima wa McCartney, safari hii mwenyewe akiwa ameridhia kimyakimya. Kwa Harrison pia aliandika maneno makali alipofariki 2001, akaja kuyajutia, na mwaka 2023 akamwandikia kitabu chake. Huyo ni mwandishi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kurekebisha mizani ya kitabu cha kwanza, na mimi namheshimu kwa hilo.

Lakini "nimelishwa uongo" ni neno jingine kabisa. Mwamba ngoma huvutia kwake, walisema wahenga, na ngozi iliyovutwa upande mmoja bado ni ngozi, bado inalia. Kazi ya msomaji ni kujua imevutwa upande gani. Chukua penseli, rudi kwenye sura moja tu, tuseme ya mwaka 1967, na upige mstari chini ya kila kitenzi kinachomhusu John na kila kitenzi kinachomhusu Paul. Usiguse kingine. Halafu visome kwa sauti, vya John peke yake, kisha vya Paul. Nani anahisi, nani anapanga? Nani akikosea anaitwa mwenye uchungu, na nani akikosea anaitwa mjanja? Wanafunzi wangu nikiwapa zoezi hili hutoka wamenyamaza, kwa sababu walikuwa wameshaamini kitu bila mtu yeyote kuwaambia. Lifanye na rafiki yako, mkiwa meza moja na nakala moja.

Kuna jambo la msingi zaidi ambalo hakuna hata mmoja wa wasomaji wako wanne aliyeligusa, nalo ndilo linaloeleza karibu yote waliyoyasema. Norman hakupata mahojiano ya kitabu hicho na yeyote kati ya wanabendi wanne. Mlango ulifungwa. Mwandishi akifungiwa mlango wa mbele huzunguka nyumba: huongea na jamaa, marafiki wa shule, wafanyakazi wa ofisini, watu wa Liverpool na Hamburg waliowajua vijana wale kabla hawajawa nyota. Ndiyo sababu utoto wao umeandikwa vizuri vile. Ndiyo sababu Epstein, meneja wao, anasimama kama mtu kamili mwenye aibu zake na suti zake. Na ndiyo sababu hiyo hiyo studio ni chumba cha giza, maana waliokuwa ndani hawakumwambia kitu. Msomaji wa kwanza na wa nne wanabishana bila kujua kwamba wanatazama mlango mmoja, huyu kwa nje, yule kwa ndani.

Kwa hiyo, kabla hujauliza kama kitabu cha bendi ni cha kweli, uliza: nani aliongea, nani alikataa, na nani alikuwa amekufa? Ukifika kwenye ukurasa wa shukrani utapata nusu ya jibu. Mimi huusoma kwanza, kabla ya sura ya kwanza.

Hapa watu wengi huteleza. Wanadhani dawa ni kutafuta kitabu kilichoidhinishwa na bendi yenyewe. Beatles walikuwa nacho: Hunter Davies alikitoa 1968, akiwa amepewa ruhusa na Epstein na wote wanne. Ruhusa hiyo ilikuwa na gharama. Mswada ulipitishwa kwa familia. Mimi Smith, mama mkubwa aliyemlea Lennon, hakupenda picha ya mtoto mtukutu aliyekuwa akiiba na kutukana, na Davies ameeleza mwenyewe jinsi ilivyobidi apachike mwishoni mwa sura maneno ya kumridhisha, kwamba John alikuwa mtoto mwenye furaha kutwa nzima. Sentensi hiyo imo kitabuni kwa ajili ya mama mmoja. Maisha ya Epstein kama shoga hayakusemwa waziwazi, kwa kuwa familia yake ilikuwa bado na majonzi na Uingereza ilikuwa imeondoa adhabu ya jinai kwa jambo hilo mwaka 1967 tu, tena kwa sehemu. Lennon mwenyewe alikuja kukishambulia kitabu hicho kwamba kilisafishwa.

Je, tukitupe? Hata kidogo. Davies alikuwa chumbani mwaka 1967 Lennon na McCartney walipokuwa wakiutunga "With a Little Help from My Friends", akiandika wanachosema, mistari waliyoijaribu na kuiacha, na vipindi vya kupiga soga katikati. Hakuna kitabu kingine chenye kitu kama hicho. Kitabu kile kile kimedanganya kidogo kuhusu utoto na kimeona kwa macho kuhusu utunzi. Ruhusa humfungulia mwandishi mlango mmoja, ikamfungia mwingine.

Halafu kuna imani ya pili, hii hata wataalamu huanguka nayo: kwamba aliyekuwepo ndiye anayejua. Nikuonyeshe tukio moja kwa karibu, kwa sababu linafaa sana kwa mjadala wako.

Ni Jumamosi tarehe 28 Oktoba 1961, alasiri, kwenye duka la santuri la familia ya Epstein mtaa wa Whitechapel, Liverpool. Kijana wa miaka 18 aliyevaa jinzi na koti jeusi la ngozi, jina lake Raymond Jones, anaingia na kuuliza santuri ya "My Bonnie" ya Beatles. Epstein hajawahi kuwasikia. Anaandika jina, anafuatilia, na tarehe 9 Novemba anashuka ngazi za klabu ya Cavern kuwatazama. Dunia inabadilika. Hivyo ndivyo Epstein alivyosimulia katika kitabu chake cha 1964, na waandishi wengi wakainakili hadithi hiyo kama ilivyo.

Sasa msikilize Bill Harry, mhariri wa gazeti la Mersey Beat lililoanza Julai 1961. Anasema haiwezekani Epstein hakuwajua. Duka lake lilikuwa likiliuza gazeti hilo, toleo la pili lilikuwa na habari za Beatles kurekodi ukurasa wa mbele, na kuanzia Agosti Epstein mwenyewe alikuwa akiandika safu ya santuri humo humo. Akaja Alistair Taylor, msaidizi wa Epstein, akasema Raymond Jones hakuwahi kuwepo, kwamba jina hilo alilibuni yeye ili agizo la santuri liwe na mteja. Watu wakaamini. Kitabu cha Epstein kikaonekana hekaya. Kisha, miaka mingi baadaye, Raymond Jones akapatikana akiwa hai, akathibitisha kwamba aliingia dukani na aliiulizia santuri hiyo.

Tazama hapo. Mashahidi wanne, wote walikuwa Liverpool, wote waliwajua watu wenyewe, na huwezi kuwaweka wote upande mmoja. Mimi nikipima naona kijana aliingia kweli, na Epstein alikuwa ameshaliona jina la Beatles kabla ya siku hiyo hata kama hakulitilia maanani. Taylor nadhani alisimulia kisa chake mara nyingi mpaka kikawa kumbukumbu. Kumbukumbu haifanyi kazi kama kanda iliyohifadhiwa kabatini. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha tangu 1932 kwamba tunapokumbuka tunajenga upya, na tunajenga kwa matofali ya leo: tunachokijua sasa, tunachokionea aibu sasa, tunachotaka kiwe sababu ya mambo. Mwanamuziki maarufu ameulizwa swali lile lile mara mia kadhaa. Kila akijibu anaikumbuka safari iliyopita alipojibu, na tukio lenyewe linazidi kurudi nyuma.

Mfano mchungu kuliko wote ni Lennon. Mwishoni mwa 1970, bendi imevunjika na kesi mahakamani iko njiani, aliongea kwa saa nyingi na jarida moja la Marekani. Alikuwa na hasira, na aliudogosha ushirikiano wake na McCartney katika utunzi. Mahojiano yale yakawa msahafu wa waandishi kwa miaka. Mwaka 1980, miezi michache kabla ya kifo chake, alipoulizwa tena alisema yale ya nyuma hayakuwa kweli, aliyasema kwa kuwa wakati ule walikuwa wamechoshwa na wazo zima la kutunga na kuimba pamoja. Mtu mmoja, mdomo mmoja, miaka kumi kati yake. Ukikuta kitabu kinamnukuu Lennon, tazama tarehe ya nukuu kabla hujatazama nukuu.

Tena kuna mahali ambapo hata nia njema haisaidii. "In My Life" ya 1965: maneno ni ya Lennon, hakuna ubishi. Sauti yake, McCartney anakumbuka aliitunga yeye, Lennon alikumbuka mchango wa McCartney ulikuwa kipande cha katikati. Hakuna anayedanganya. Mwaka 2018 wataalamu wa takwimu walitangaza matokeo ya kuupima wimbo huo kwa mifumo ya sauti na kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) iliyomo katika nyimbo zao nyingine, na hesabu ikaegemea kwa Lennon. Imenisaidia? Kidogo. Watu wawili wanaokaa uso kwa uso na magitaa mikononi hawaachi mpaka uliochorwa.

Tuje kwa Lewisohn sasa, maana unataka kujua kama utoe fedha. Kitabu chake cha Tune In kilitoka 2013, kikiwa cha kwanza kati ya vitatu alivyopanga. Toleo la kawaida ni nene, toleo refu lina kurasa takribani 1,700, na hadithi inaishia mwisho wa 1962. Nisikilize vizuri hapo: inaishia kabla Beatles hawajawa maarufu duniani. Machozi ya ukurasa wako wa mwisho hayamo. Kilichomo ni nyaraka. Chukua kisa cha mkataba. Tulizoea kusoma kwamba kampuni ya santuri ya Decca iliwakataa baada ya majaribio ya tarehe 1 Januari 1962, kisha George Martin, mtayarishaji wa kampuni nyingine, EMI, akawasikia tarehe 6 Juni, akapendezwa na utani wao, akawasajili. Lewisohn alichimba karatasi za EMI akaonyesha kwamba mkataba ulikuwa umeshaandaliwa kabla ya siku hiyo, na kwamba msukumo ulitoka juu ya Martin, kwa sababu kampuni ya kuchapisha nyimbo iliyokuwa chini ya EMI ilizitaka nyimbo za Lennon na McCartney. Martin hapotezi sifa yake kama mtayarishaji. Ila ile picha ya mzee mwenye sikio la dhahabu anayewagundua vijana kwa mkupuo mmoja haisimami tena.

Hayo Norman hangeweza kuyajua 1981, na hapa msomaji wako wa tatu anastahili kusikilizwa: ndiyo, kimepitwa. Mapema miaka ya 2000 kilitoka toleo lililorekebishwa, basi angalia ulilo nalo ni lipi, kwa sababu watu hubishana kila mmoja ameshika toleo tofauti. Lakini kupitwa si aibu ya mwandishi. Pia Januari 1969, mwezi ambao vitabu vya zamani viliuchora kama mazishi ya bendi, ulibadilika mbele ya macho yetu mwaka 2021, Peter Jackson alipotoa filamu ya Get Back kutokana na takribani saa 60 za picha zilizopigwa wakati huo. Harrison anaondoka tarehe 10 Januari, hilo ni kweli na linauma. Ila kuna vicheko vingi kuliko tulivyoambiwa, na kuna McCartney akitania kwamba baada ya miaka hamsini watu watasema Beatles walivunjika kwa sababu Yoko (Yoko Ono, mpenzi wa Lennon) alikaa juu ya amplifaya. Alikosea kidogo tu, watu walianza kusema mapema zaidi.

Ushauri wangu: usikiache cha Norman, na usikimbilie Lewisohn kwa ajili ya wiki mbili hizi, hutamaliza na utakichukia bure. Kinunue baadaye kama unapenda kujua mambo yanavyotengenezwa hatua kwa hatua. Kama kiu yako ni nyimbo zenyewe, Ian MacDonald alizipitia moja moja katika Revolution in the Head ya 1994, ana maoni makali na mengine nayapinga, lakini anakufundisha kusikia. Upande wa Paul umo katika kitabu alichoandika Barry Miles kwa kuongea naye, Many Years from Now cha 1997, na hicho nacho kinavuta ngozi, safari hii upande wa pili. Mpe heshima rafiki yako kwa kukisoma.

Wala usidhani ni Beatles tu. Kitabu cha 1985 kilichowapa Led Zeppelin sifa ya mashetani wa hotelini kilimtegemea sana meneja wao wa ziara, Richard Cole, na wanabendi hawakukipenda kamwe. Ziara ikiangaliwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kushughulikia fujo, kitabu kitajaa fujo. Mötley Crüe walifanya kinyume 2001, kila mwanabendi akapewa sura zake aseme, na wanapingana wao kwa wao hadharani, jambo ambalo naliona la haki zaidi ingawa linachosha. Na ukisoma vitabu vya Queen utaona jinsi Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, anavyopitishwa haraka mpaka shule ya Panchgani, India, na kutoka hapo mpaka London. Mwenyewe hakupenda kuongelea utoto wake, waandishi nao hawakuuliza sana. Msomaji wa Mji Mkongwe hufunga sura ya kwanza akiwa na maswali ambayo shabiki wa kwingine hayajamjia kabisa, na akitoa nyota mbili ana sababu.

Kwa mjadala wenu, usiwaulize wenzako kama wamekipenda. Mtakaa saa nzima mnapigiana nyota. Wapelekee tukio la Raymond Jones. Wasomeeni mashahidi mmoja baada ya mwingine, bila kusema nani anafuata, na kila shahidi akimaliza waombe watu wainue mikono: mnaamini? Watabadilika mara tatu mbele ya macho yako. Hapo ndipo ufungue Shout! na kuuliza Norman alimsikiliza nani. Kuna maswali sitaweza kukujibu kwa maandishi. Ukitaka kujua kama McCartney kweli alikuwa mpiga besi wa kawaida au mkubwa, mtafute mtu anayepiga besi, mkae naye na chombo, akupigie sehemu ya "Something" polepole kwenye nyuzi. Dakika kumi hizo zitashinda sura nzima. Na kama unataka kuona gazeti la 1961 lilisema nini hasa, nenda kwa mkutubi ana kwa ana na tarehe yako mkononi. Wakutubi hupenda tarehe.

Na rafiki yako, msimalizane kwa ujumbe wa simu. Mualike aje na kitabu chake.

Sasa mdogo wako.

Brian Epstein alikutwa amekufa nyumbani kwake London tarehe 27 Agosti 1967, akiwa na miaka 32. Baba yake alikuwa amefariki Julai ileile iliyotangulia. Beatles walikuwa Bangor, Wales. Uchunguzi wa mahakama ulihitimisha kuwa ni ajali: dawa za usingizi alizozoea zilikuwa zimejikusanya mwilini mwake kidogo kidogo kwa muda, mpaka kipimo ambacho usiku mwingine angeamka nacho, usiku ule hakuamka nacho. Hilo ndilo linalojulikana. Yaliyobaki, alikuwa akifikiri nini, kama alitaka, kama kuna mkono wa mtu, waandishi wameyajaza kwa dhana, kwa sababu sura lazima iishe na msomaji lazima afunue ukurasa. Wewe ulipoisoma ulikuwa na pengo lako mwenyewe, na dhana zile zikaingia humo zikakaa. Haishangazi kwamba hulali. Naomba tu usichukue maneno yaliyoandikwa kuhusu mtu mwingine yakawa ushahidi kuhusu mdogo wako. Mwandishi yule hakumjua.

Kama familia haijawahi kuona taarifa ya hospitali au ya uchunguzi wa kifo, mnaweza kuiomba, na mkiipata mwombeni daktari akae nanyi awafafanulie, msiisome peke yenu usiku. Inaweza isijibu kila kitu. Na kwa usingizi, usisubiri upite wenyewe. Ukiwa hulali kwa zaidi ya wiki mbili, au unajilaumu kwa yale ambayo hukuyaona, mtafute mshauri nasaha au mtu anayeshughulika na waliofiwa, uonane naye uso kwa uso. Ukijikuta unawaza kwenda aliko yeye, usikae na wazo hilo hata usiku mmoja: mwamshe mtu wa nyumbani, mwende hospitali saa hiyo hiyo.

Sura ya Epstein huna haja ya kuirudia kabla ya mjadala. Mwambie mmoja wa wanakikundi aiongoze sehemu hiyo, na si lazima umweleze kwa nini. Ukiona inafaa kutoka nje wakiwa wanaizungumzia, toka.